Ubaguzi Usio na Mbaguzi: Majibu kwa Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua hizi zilitufikia baada ya Machi 21, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi. Tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Kamwene. Nafundisha Uraia hapa Mafinga. Nikifika kwenye ubaguzi wa rangi wanafunzi huniuliza, "Mwalimu, darasa zima sisi ni weusi, hili linatuhusu nini?" Nawaeleza habari za makaburu, lakini naona hawajaridhika.
*Mwalimu, Mafinga*

Kamwene, Mwalimu. Makaburu wakifundishwa kama watu wenye roho mbaya tu, siku wanapoondoka madarakani somo nalo linaisha. Fikra za kupinga ubaguzi zilikwishavuka hapo siku nyingi. Kizazi cha kwanza baada ya vita vya Hitler kilikuwa na kazi mbili, kuvunja uongo wa kisayansi na kufuta sheria. UNESCO ilitoa tamko lake kuhusu mbari mwaka 1950, Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kutokomeza ubaguzi wa rangi mwaka 1965, na Tanzania ikajiunga nao mwaka 1972.

Kisha watu wa harakati wakaona jambo ambalo wanasheria hawakulitarajia: sheria imefutwa, hali iko palepale. Mwaka 1967 Stokely Carmichael, ambaye baadaye alijiita Kwame Ture, na msomi Charles Hamilton waliandika kuhusu ubaguzi wa kitaasisi. Mfano wao ulitoka Birmingham, Alabama, Marekani. Bomu likilipuliwa kanisani na kuua watoto weusi, kila mtu analaani. Katika mji huohuo watoto wachanga weusi mia tano hufa kila mwaka kwa kukosa chakula, makazi na matibabu, na hakuna wa kumfungulia kesi. Miaka 32 baadaye dhana hiyo ilitamkwa katika ripoti ya serikali ya Uingereza. Kijana mweusi Stephen Lawrence aliuawa London Aprili 1993, wazazi wake wakakataa kunyamaza, na mwaka 1999 ripoti ya Jaji Macpherson ikatamka kwamba polisi wa London, waliochunguza mauaji hayo, walikuwa na ubaguzi wa kitaasisi. Ilitoa mapendekezo 70, na mwaka uliofuata sheria ikazibebesha taasisi za umma wajibu mpya.

Kwa darasa lako mfano uko karibu. Majengo ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, yalianza kama shule ya St Michael's na St George's, ya watoto wa Kizungu, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 wakati uhuru ukibisha hodi. Elimu ya Tanganyika ilikuwa ya mafungu matatu, Wazungu, Wahindi na Waafrika, hadi ilipounganishwa Januari 1, 1962. Wape wanafunzi maswali manne: nani alilipia majengo, nani aliketi darasani, nani alipika na kufagia, na nini hakikubadilika kibao kilipobadilishwa? Swali la nne lipe kipindi kizima. Hapo ndipo watakapoanza kutaja mambo ya leo bila wewe kuwachokoza.

Mimi ni fundi umeme katika kiwanda kimoja nje ya Mbeya mjini. Mafundi waliotoka nje ya nchi, wenye cheti kama changu, wana kantini yao, na tunasikia mshahara wao ni mara tatu ya wetu. Nikiuliza naambiwa "wale ni wataalamu". Nianzie wapi?
*Fundi, Mbeya*

Anza kwa kutenganisha kantini na mshahara. Kantini ni dai jepesi kulithibitisha: kama mlango unafunguliwa kwa rangi au uraia na si kwa cheo, hakuna sifa ya kazi inayoweza kuutetea. Mshahara ni mgumu zaidi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kubagua kwa rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alikotoka, lakini tofauti inayotokana na mahitaji halisi ya kazi haihesabiwi kuwa ubaguzi. Kwa hiyo usibishane na mtu kwa mdomo juu ya "utaalamu". Chora jedwali la safu tano: jina la kazi kwenye mkataba, cheti, miaka ya uzoefu, majukumu ya kila siku, malipo. Jaza watu wawili au watatu wa kila upande. Pasipo na ushahidi wa malipo acha wazi. Nafasi tupu haitakudhuru mbele ya msuluhishi kama litakavyokudhuru neno "tunasikia".

Andika barua kwa mwajiri, nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ndani yake omba kuonyeshwa mpango wa fursa sawa kazini, ambao sheria inamtaka mwajiri ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Ombi hilo moja huamsha ofisi nyingi zilizolala. Nakala nyingine ipeleke tawi la chama cha wafanyakazi.

Jibu lisipokuja, au likija la kukuzungusha, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ukajaze Fomu Namba 1. Muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Ukiwa umeachishwa kazi ni siku 30 tu. Nakala ya fomu mkabidhi mwajiri kwanza, asaini kuipokea, ndipo uwasilishe yako pamoja na uthibitisho huo. Usuluhishi una siku 30.

Mashauri ya namna hii huharibikia sehemu zilezile. Watu huandika jina la biashara lililo getini badala ya jina la kampuni lililo kwenye mkataba. Huandika "unyanyasaji" bila kutaja msingi. Wewe andika "ubaguzi kwa msingi wa utaifa na rangi". Na husubiri mazungumzo ya kirafiki hadi siku zimepita, kisha wanalazimika kuomba kuongezewa muda kwa sababu ambazo huenda zisikubaliwe. Ukishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, sheria inamhamishia mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwapo. Sheria hapa imekubali hoja ya miaka mingi ya wanaharakati, kwamba anayebaguliwa siye anayeshika funguo za kabati la mafaili.

Tuko chuoni Mbeya, tumeunda kikundi cha kusoma vitabu vya ukombozi. Wiki ya tatu tumebaki wanne na tunabishana tu. Tunakosea wapi?
*Mwanafunzi, Iyunga*

Pengine kurasa ni nyingi na Kiingereza ni kingi. Watu 8 hadi 12 wanatosha, kurasa 15 hadi 20 kwa kikao, dakika 90, mjadala kwa Kiswahili. Mmoja aandae muhtasari wa sentensi kumi, wa pili alete swali moja tu, wa tatu aandike kilichokubaliwa na kilichoachwa. Kazi hizo zizunguke kila kikao, la sivyo yule mwenye Kiingereza cha haraka atageuka mhadhiri na wengine wataacha kuja. Frantz Fanon, daktari na mwandishi aliyepinga ukoloni, yupo kwa Kiswahili, *Viumbe Waliolaaniwa*, iliyochapwa na Tanzania Publishing House. Tafuteni kwenye maktaba kabla ya kuhangaika na mafaili ya simu. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha Dar es Salaam, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma kilitoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam. Mkianza naye, anzeni na sura za ukoloni. Sura za mwanzo zenye nadharia ndizo huwafukuza watu.

Mlango huu wa kusoma na kutenda ulishafunguliwa hapa nchini. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliunda USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika, mwaka 1967, wakawa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili na baadaye jarida lao, *Cheche*. Vyote viwili vilipigwa marufuku mwaka 1970. Someni habari zao muone walivyopanga kazi, na pia walivyojitenga.

Kujitenga ndiko hatari yenu. Mwanafalsafa Olúfẹ́mi O. Táíwò, katika kitabu cha mwaka 2022, anauliza nani yumo chumbani. Mara nyingi tunampa nafasi mtu aseme kwa niaba ya waliodhulumiwa kwa sababu anafanana nao, na tunasahau kwamba kuingia tu chumbani kunamtofautisha nao. Kila kikao cha tatu kifanyieni nje ya chuo, pamoja na watu wa mitaa ya hapo Mbeya, Soweto au Mwanjelwa, na wao ndio walete swali.

Ugonile. Nimekosolewa kwa kusema Wahindi wa dukani warudi kwao. Mtu aliyetawaliwa anawezaje kuwa mbaguzi?
*Mkulima, Tukuyu*

Anaweza. Wapo wanaofundisha kwamba ubaguzi wa rangi ni chuki pamoja na mamlaka, hivyo asiye na mamlaka hawezi kuwa mbaguzi. Msomi Mmarekani Ibram Kendi, katika kitabu chake cha mwaka 2019, anaipinga hoja hiyo, nasi katika hili tuko upande wake. Mwenye nyumba, mwajiri, karani na askari wa mpakani Tunduma wote wana mamlaka ya kutosha kumwumiza mtu. Oktoba 1961 Bunge la Tanganyika lilipojadili uraia, wapo waliotaka utolewe kwa rangi. Nyerere alisema serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali. Katiba, ibara ya 13(5), inataja rangi, kabila na pahala mtu alipotoka kwa pumzi moja.

Na tukiwa hapo: lile tangazo la "anatafutwa binti wa kazi, awe wa Iringa" limo humo pia, hata likiandikwa kwa kusifia uchapakazi. Utani wa makabila unarudishiwa. Tangazo linampangia msichana jiko kabla hajaulizwa amesoma hadi wapi.

Mababu zetu waliuawa wakati wa Wajerumani na vichwa havikuzikwa. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudi. Sisi ukoo usio na jina kubwa tufanye nini?
*Mzee wa ukoo, Kalenga*

Shikamoo mzee. Hata kwa jina kubwa safari ilikuwa ndefu. Mkwawa alikufa Julai 19, 1898. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu lake ndani ya miezi sita, lilirudi 1954. Gavana Twining alilikuta kwenye makumbusho ya Bremen kati ya mafuvu yapatayo 2,000, na alilichagua kwa kulinganisha vipimo vya kichwa na vya ndugu waliokuwa hai. Yaani elimu ileile ya kupima vichwa, iliyowafanya Wajerumani wakusanye mafuvu ili kupanga watu kwa daraja, ndiyo iliyotumika kulirudisha.

Siku hizi kipimo ni vinasaba. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin, iliyochunguza mafuvu yapatayo 1,100 ya Afrika Mashariki, ilitangaza kupata ndugu walio hai wa baadhi yake hapa Tanzania. Novemba 1 mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Steinmeier, aliomba msamaha Songea. Hayo hayakuanzia ikulu. Kwa miaka mingi vikundi vya wanaharakati Berlin, Waafrika wakiwamo, vilidai hesabu ya mafuvu na kubadilishwa kwa majina ya mitaa ya kikoloni. Agosti 2024 mtaa wa Petersallee ulipewa majina mapya, na kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee.

Ukoo wenu uanze na mti wa vizazi vinne au vitano, na mstari wa baba kwa baba uandikwe mbali na wa mama kwa mama, kwa kuwa vinasaba hivyo viwili hurithiwa kwa njia tofauti. Andikeni mahali na msimu wa kifo, pamoja na majina ya wakati ule, maana vibandiko vya makumbusho vinayatumia: Tukuyu, kwa mfano, iliitwa Neu-Langenburg. Barua ipitie Makumbusho ya Taifa, nakala kwa Afisa Utamaduni wa wilaya. Ujerumani ilifungua mwaka 2020, Berlin, ofisi ya kupokea maulizo ya vitu vya enzi za ukoloni. Mate ya kupima vinasaba msitoe kabla ya karatasi inayosema nani atatunza sampuli, itatumika kwa nini na itaharibiwa lini.

Kinachokwamisha koo nyingi ni kutuma barua mbili zinazopingana. Kaeni kikao kimoja, muhtasari usainiwe na pande zote, ndipo muandike.

Nina saluni Mwanjelwa. Wateja wanataka mkorogo. Wanaharakati walikuja na mabango ya "jipende", wakaondoka, wateja wakabaki. Nifanyeje?
*Dada wa saluni, Mbeya*

Mabango yalikosea mlengwa. Mteja wako si mjinga: ameona nani anaajiriwa mapokezi na nani anasifiwa harusini. Fanon aliandika tangu 1952 kwamba tamaa ya weupe huzaliwa katika jamii inayoupa weupe faida. Kwa hiyo anayestahili kusemwa kwanza ni anayetangaza kazi kwa kutaka "mwonekano mzuri", na msichana afuate baadaye.

Ila afya haingoji. Krimu yenye zebaki huharibu figo. Zamani mkataba wa kimataifa uliruhusu isiyozidi miligramu 1 kwa kilo, lakini tangu 2025 hauruhusu kabisa kuongeza zebaki kwenye vipodozi, na kibandiko kinaweza kuiita *calomel* au *mercurous chloride*. Isiyo na kibandiko kabisa, iliyochanganywa kwenye kopo, usiipake. Haidrokwinoni hupigwa marufuku kwenye vipodozi kwa sababu ikitumika muda mrefu huacha madoa meusi yasiyotoka. Krimu zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi. Mteja aliyezitumia miezi mingi asiache ghafla peke yake, maana uso huwaka na kutoka vipele, naye hukimbilia kopo jingine. Mpeleke kliniki ya ngozi. Vaa glavu, usipake mjamzito, na kopo unalolitilia shaka lipeleke TBS.

Mwaka 2020 sisi vijana wa hapa tuliweka picha nyeusi kwenye wasifu kumuunga mkono George Floyd. Wengine walitucheka. Ilisaidia chochote?
*Kijana, Njombe*

Kidogo, na pengine ilizuia kidogo. Floyd, Mmarekani mweusi, aliuawa na polisi Mei 25, 2020. Juni 2 mamilioni ya watu duniani waliweka miraba myeusi, wengi wakitumia alama za utafutaji zilezile ambazo waandamanaji walizitumia kupeana taarifa za wapi kuna msaada na wapi kuna hatari. Taarifa zikafunikwa na weusi mtupu.

Linganisheni na Montgomery, Alabama. Rosa Parks, mwanamke mweusi, alikamatwa Alhamisi, Desemba 1, 1955, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Usiku huohuo Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alichapa maelfu ya vipeperushi kwa mashine ya stensili, na Jumatatu mabasi yakasusiwa. Wangewezaje katika siku nne? Chama chake cha wanawake kilikuwa kimeshawaandikia wakuu wa mji mwaka uliotangulia. Madai ya kwanza yalikuwa matatu na madogo: lugha ya heshima, anayewahi akae, na madereva weusi kwenye njia za weusi. Ukubwa ulikuwa kwenye shinikizo: weusi walikuwa takriban robo tatu ya abiria. Kwa siku 381 watu walitembea au walibebwa na magari yapatayo 300, yenye vituo na ratiba. Bima za magari zilipofutwa walikata nyingine Lloyd's, London. Kesi ilikwenda sambamba na mgomo, na Mahakama ya Juu ya Marekani ndiyo iliyomaliza. Wengi hukumbuka hotuba tu. Wachache hukumbuka aliyepanga zamu za madereva.

Kwa hiyo kabla hamjaandamana Njombe, andikeni mambo matatu kwenye karatasi moja: ni kanuni ipi mnataka ibadilike, nani ana kalamu ya kuibadilisha, na mtamnyima nini asipoibadilisha. Nafasi ya pili mkiandika "dunia" au "jamii", rudini mezani. Sheria ya Polisi inawataka mtoe taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Pelekeni mapema kuliko hapo na mrudi na nakala yenye muhuri, kwa sababu barua iliyofika saa 47 kabla inatosha kuwakwamisha. Walezi wa maandamano, mmoja kwa kila watu 20 au 25, wavae kitambaa kinachoonekana na wawe na namba za simu za wenzao.

Mimi ni muuguzi. Ni kweli kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinawadanganya watu weusi? Mashine nayo inabagua?
*Muuguzi, Mbeya*

Ni kweli, na ndio mfano safi kuliko yote ya ubaguzi usio na mbaguzi. Kipimo hupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi ya ngozi hunyonya sehemu ya mwanga huo. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 uliwaangalia wagonjwa ambao mashine iliwasomea asilimia 92 hadi 96. Damu ya ateri ilipopimwa, asilimia 11.7 ya weusi walikuwa chini ya 88. Kwa weupe ni asilimia 3.6.

Wodini, pasha kidole joto, ondoa rangi ya kucha na hina, subiri namba itulie, rudia kidole kingine. Fuata mwelekeo wa namba kwa saa kadhaa, usiamini moja. Mgonjwa akisoma 92 au 93 huku anapumua mara 30 kwa dakika, mtibu kwa jinsi anavyopumua. Kupauka au ubluu utafute ndani ya midomo na kwenye utando wa jicho.

Kuhusu mashine kubagua: mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 uliridhika kifaa kikijaribiwa kwa watu wasiopungua 10, na kati yao weusi wawili au asilimia 15. Hakuna aliyeandika mstari huo kwa chuki. Baada ya madaktari, wabunge na watetezi wa wagonjwa kupiga kelele kwa miaka minne, rasimu mpya ya Januari 2025 ilitaka watu 150 au zaidi, wa rangi zote za ngozi. Vifaa vilivyo wodini kwenu vilipita kwa masharti ya zamani, kwa hiyo hospitali ikinunua vipya, mwambieni mnunuzi aulize kwa maandishi kifaa kilijaribiwa kwa watu wangapi wenye ngozi nyeusi.